Zamu ya Usiku, sehemu ya 27: Kiki ya filamu na hela yenye tarehe

Leo hatuongelei homa, wala degedege, wala uji wa mtoto. Leo tunaongelea hela. Tena hela inayowekwa kwenye vitabu vya katuni. Usicheke, soma kwanza.

Novemba 2025 kule Marekani kitabu kimoja cha katuni, Superman namba 1 cha mwaka 1939, kiliuzwa mnadani kwa dola milioni 9.12. Kilipochapishwa bei yake ilikuwa senti 10. Waliokiuza ni ndugu watatu, watu wazima kabisa. Walikuwa wanasafisha nyumba ya marehemu mama yao kaskazini mwa California, wakakikuta darini, ndani ya boksi, chini ya magazeti yaliyochakaa. Mama yao na mjomba wao ndio walionunua vitabu vile zamani hizo, kabla ya Vita Kuu ya Pili. Miaka yote mama aliwaambia wanawe kwamba ana vitabu vya katuni vya thamani, ila hakuwahi kuwaonyesha.

Habari hii sikuisoma gazetini. Niliipata kwa sauti ya WhatsApp saa tisa usiku, niko wodini naandika chati, kutoka kwa mdogo wangu anayeishi jimbo la Ohio. "Dada, umeona? Kitabu kimoja tu! Na mimi changu nimeshakipata."

Moyo ukafanya paa.

Mdogo wangu tumwite Baba Neema. Ana miaka 29, anafanya kazi usiku kwenye ghala la kupakia mizigo. Mke wake, wifi yangu, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Neema ana miaka mitatu, na wakati ule wifi alikuwa na mimba ya miezi mitano. Walikuwa wamejibana mpaka wakafikisha dola 3,000 na ushee kwenye akaunti ambayo wenyewe wanaiita "ya mtoto". Kitabu alichokipata mdogo wangu kilikuwa kinauzwa dola 2,400. Kwa hela yetu ni karibu milioni 6. Na chenyewe kilikuwa kimechanika ukingoni, jalada lina mkunjo, vile vibanio vya chuma vimeshika kutu. Aliponitumia picha nikamuuliza, hiki si ndicho tunachofungia maandazi?

Hakuwa ananiomba hela. Alitaka nimsemee kwa wifi, maana wifi ananisikiliza, mimi ndiye nesi wa ukoo, nikisema jambo linachukuliwa kama limeandikwa kwenye fomu. Nikamwambia nitamsemea, lakini kwanza anieleweshe mimi. Akanielewesha wiki mbili nzima. Video, picha, bei, majina ya filamu. Nami nikaenda kusoma ya kwangu pembeni. Ndiyo hayo nawaletea, kwa sababu najua wengi wenu mna mume, kaka au shemeji ambaye ana "dili" lake la kupanda bei, na kila mara hela ya dili hilo inatafutwa kwenye kibubu cha mtoto.

Sasa tuanze na kwa nini karatasi kuukuu inaweza kuwa na bei hata kidogo.

Wengi wa rika langu tumekua na gazeti la Sani. Ndumilakuwili na Lodi Lofa tuliwasoma nyumba tano kwa nakala moja, likirudi halina jalada, mwisho linaishia jikoni kuwashia mkaa. Marekani nako ilikuwa hivyohivyo. Watoto walisoma, wakakunja, wakabadilishana, mama wakafagia wakatupa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili karatasi kuukuu zilikusanywa mitaani kwa ajili ya mahitaji ya vita, na vitabu vya katuni vikaenda humohumo. Kwa hiyo vya miaka ya 1930 na 1940 vilivyobaki vizima ni vichache kweli. Yule mama wa California hakukisia filamu yoyote. Alitunza tu, na ubaridi wa kule ukasaidia karatasi zisioze.

Wakusanyaji wanachotafuta zaidi ni toleo ambalo mhusika anatokea kwa mara ya kwanza. Halafu wanaangalia hali yake. Kuna kampuni inaitwa CGC, ilianza mwaka 2000, wewe unawatumia kitabu, wanakikagua, wanakipa alama kuanzia 0.5 mpaka 10, kisha wanakifunga kwenye boksi gumu la plastiki. Kikishafungwa hukisomi tena. Hilo lilinichekesha na kunisikitisha kwa pamoja: kitabu cha watoto ambacho hakifunguliki.

Sasa filamu inaingia hapo. Mtu akisikia mhusika fulani anatengenezewa filamu, anakimbilia toleo lake la kwanza kabla wengine hawajasikia. Kwanza zinakuja tetesi, halafu tangazo rasmi, halafu trela, halafu filamu yenyewe. Kila hatua bei inasogea. Ni kama jezi wiki ya dabi, ila hii wiki inaweza kudumu miaka miwili.

Kitabu cha mdogo wangu kilikuwa Fantastic Four namba 5, cha Julai 1962, ambamo adui aitwaye Doctor Doom anatokea mara ya kwanza. Kilichokiamsha ni hiki: Julai 2024, kwenye lile kongamano lao kubwa la San Diego, mwigizaji Robert Downey Jr. alipanda jukwaani na joho la kijani na barakoa usoni, akaivua, ukumbi ukalipuka. Ndiye atakayekuwa Doctor Doom kwenye filamu ya Avengers: Doomsday. Mhusika hakubadilika hata nukta. Kitabu kilekile, hadithi ileile, vibanio vilevile vyenye kutu. Kilichobadilika ni watu wangapi wanakitaka wiki hiyo.

Mama, wewe unayo kadi ya kliniki ya mwanao. Unajua ule mchoro wa uzito, tunaweka nukta mwezi hadi mwezi, mstari unapanda polepole. Na unajua kipimajoto, dakika mbili tu kinaruka kutoka 37 mpaka 39. Vyote viwili vinapanda. Lakini hakuna mama aliyewahi kuniambia "mwanangu amekua, jana alikuwa 37 leo yuko 39." Bei ya Superman ya 1939 ni nukta za kadi ya kliniki, miaka zaidi ya 80 ya watu kukipenda na nakala kupungua. Bei inayoruka siku mwigizaji anavua barakoa ni kipimajoto. Inaweza kubaki juu kidogo, inaweza kushuka usiku huohuo. Kipimajoto hakisemi uongo, ila hakikuambii mtoto ana kilo ngapi.

Nilipomwambia Baba Neema hivyo akasema, "Dada, wewe unaongea kinesi, soko halijui kliniki." Haya, tukaingia sokoni.

Nikamuuliza habari za Blade. Huyu ni muwindaji wa mazimwi wanyonya damu, mtu mweusi, alitokea mara ya kwanza kwenye Tomb of Dracula namba 10, Julai 1973. Mwaka 2019 kwenye kongamano hilohilo la San Diego ilitangazwa kwamba Mahershala Ali ataigiza filamu mpya ya Blade. Watu wakanunua. Tarehe ya filamu ikasogezwa, ikasogezwa tena, na mwaka 2024 ikaondolewa kwenye ratiba. Mtoto aliyezaliwa wiki ya tangazo lile alishaanza shule na filamu haipo. Kama uliweka humo hela ya ada yake, ungempeleka na nini?

Halafu kuna Kang. Alitokea mara ya kwanza kwenye Avengers namba 8, Septemba 1964. Kampuni ya Marvel ilipanga awe ndiye adui mkubwa wa filamu zao za miaka iliyofuata, mpaka filamu nzima ya Avengers ikapewa jina lake. Wakusanyaji wakakimbilia namba 8. Desemba 2023 mwigizaji wake, Jonathan Majors, akakutwa na hatia mahakamani New York ya kumshambulia mpenzi wake wa zamani, Marvel wakamwacha siku hiyohiyo, na mpango wa Kang ukafa. Hiyo Avengers iliyokuwa na jina la Kang ndiyo nafasi iliyochukuliwa na Doctor Doom. Yaani kiti anachokalia Doom leo kilikuwa cha mwingine juzi tu, na waliomnunulia yule wa juzi bado wanavyo kabatini.

Nisikilizeni vizuri hapo. Ukinunua shamba, unaweza kwenda kulipalilia. Ukinunua cherehani, unaweza kukaa usiku ukashona. Ukinunua kitabu kwa sababu ya filamu, bei yako inashikiliwa na mambo ambayo huna mkono hata kidogo: ratiba ya studio, mwandishi aliyeacha kazi, ndoa ya mwigizaji, mvutano wa mabosi. Hiyo Doomsday yenyewe ilikuwa itoke mwanzoni mwa Mei 2026, wakaisogeza hadi tarehe 18 Desemba 2026. Miezi saba na ushee. Kwao ni ratiba. Kwa mwenye mimba ya miezi mitano, hiyo miezi saba ni mtoto aliyeshazaliwa na ameshachanjwa.

Sitaki muone namdharau mdogo wangu. Hoja yake ina miguu. Alinipa mfano wa New Mutants namba 98 cha mwaka 1991, alikotokea Deadpool. Bei ya jalada ilikuwa dola moja. Filamu ilipotoka mwaka 2016 ikapendwa kupita kiasi, na waliokuwa nacho tangu zamani waliuza kwa mamia ya dola. Akanipa na wa Black Panther, Fantastic Four namba 52, Julai 1966, senti 12. Filamu ya Februari 2018 mnaikumbuka, Lupita Nyong'o wa majirani zetu alikuwemo, watu walikwenda sinema wamevaa vitenge kama wanakwenda sendoofu. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani. Kitabu kile kikawa lulu.

Lakini angalia nani alifaidi. Waliokuwa nacho tayari. Aliyenunua namba 98 mwaka 1991 alitoa dola moja kwa sababu alitaka kusoma. Aliyenunua baada ya trela alimlipa huyo wa kwanza faida yake yote. Na Black Panther kingekuwa na bei hata bila filamu, kwa sababu ndiye shujaa mweusi wa kwanza kwenye vitabu vikubwa vya katuni vya Marekani, na hilo halitabadilika kwa mwigizaji yeyote. Chadwick Boseman alifariki Agosti 2020 kwa saratani ya utumbo mpana, Mungu ampumzishe, na kitabu kile bado kinatafutwa. Hata hivyo waliokinunua wakati wa korona, mwaka 2020 na 2021, pale watu walipokuwa wamefungiwa ndani na serikali yao inawagawia hela, walinunua kileleni. Kuanzia 2022 bei za vitabu vingi zilishuka. Kitabu kizuri, hadithi nzuri, bei mbaya. Hivyo vitatu vinaweza kukaa pamoja.

Na kuna ya zamani zaidi, hii ilinishangaza. Mwaka 1991 Marvel walitoa X-Men namba 1 kwa majalada matano tofauti, zikauzwa nakala zaidi ya milioni 8. Watu walinunua matano matano wakayaweka kabatini wakisema ni ya kusomesha watoto. Novemba 1992 kampuni nyingine, DC, wakamuua Superman kwenye toleo namba 75, likafungwa kwenye mfuko mweusi na kitambaa cha msiba ndani. Watu wakapanga foleni, mamilioni ya nakala, habari kwenye televisheni. Mwaka uliofuata Superman akafufuka. Leo X-Men ile unaipata kwa dola chache, kwa sababu kila mtu aliitunza. Kitu ambacho kila mtu amekitunza hakiwezi kuadimika. Maduka mengi ya katuni yalifungwa miaka ile, na Desemba 1996 Marvel wenyewe wakaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Wale watoto waliotunziwa kabatini leo ni watu wa umri wangu. Sijui, labda ndio hao wanaomuuzia mdogo wangu.

Tuje kwenye hesabu zenyewe, maana wifi yangu ni mtu wa hesabu.

Baba Neema aliniambia kitabu cha 2,400 kikifika 3,000 amepata 600. Sivyo. Kwanza kile kitabu hakikuwa na alama, kwa hiyo angelipia ukaguzi, posta ya kwenda na kurudi, na bima ya njiani. Pili, soko la mtandaoni au nyumba ya mnada inakata asilimia yake, mnunuzi akishalipa wao wanachukua kwanza. Tatu kodi. Sheria ya Marekani inaviweka vitu vya ukusanyaji kwenye kundi lake, faida yake inaweza kutozwa mpaka asilimia 28 hata ukikaa nacho zaidi ya mwaka. Ukitoa vyote hivyo kwenye 600 unabaki na hela ya kununulia nepi, na si nepi za mwezi mzima.

Na alikuwa na mpango wa akiba ukikataliwa: kadi ya mkopo. Kadi nyingi huko riba yake sasa inapita asilimia 20 kwa mwaka. Maana yake kitabu lazima kipande zaidi ya moja ya tano kila mwaka ili tu usipate hasara, kabla ya ukaguzi, kabla ya mnada, kabla ya kodi. Hapo sikumjibu, nilimtumia tu hesabu kwa picha, kwa mwandiko wangu wa wodini. Alikaa kimya siku mbili.

Kisha akarudi. "Dada, kingekuwa kiwanja Kigamboni ungenikataza?"

Nikamwambia ndiyo. Kiwanja pia ningekukataza. Kwa hela hiyo, kwa mwezi huo.

Hapa naomba unielewe, hasa wewe uliyeolewa juzi juzi na mnapanga maisha. Kuna hela yenye tarehe na kuna hela isiyo na tarehe. Hela yenye tarehe ni kodi ya nyumba, ada ya Januari, nauli ya likizo, hela ya kujifungua. Tarehe yake umeshaandikiwa. Kwenye kadi yako ya wajawazito kuna ile tarehe ya matarajio ya kujifungua, tunaihesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, na hata hiyo mtoto anaweza kuja wiki mbili tatu mapema. Wodini sijawahi kuona mtoto anayesubiri filamu itoke. Kule Ohio wifi ana bima, lakini bima yake ina kiasi ambacho lazima atoe mwenyewe mfukoni kwanza ndipo bima ianze kulipa. Hiyo "akaunti ya mtoto" ndiyo ilikuwa kiasi hicho. Huwezi kufika dirisha la malipo ukawapa Doctor Doom. Na kitabu ukikiuza kwa haraka, umechoka, una mtoto wa siku nne mkononi na kidonda cha upasuaji, mnunuzi anasikia haraka yako kwenye sauti. Atakupa 1,500 na utashukuru.

Hela isiyo na tarehe ni habari nyingine. Kama Baba Neema angekuwa na dola 200 zake za jasho la ziada, mwaka huu hazina kazi, na anapenda hadithi zile tangu anasoma za kuazima sekondari, mimi ningemwambia nunua, baba, ufurahi. Mwanaume anafanya kazi usiku kucha ghalani anabeba maboksi ya watu wengine. Naye ana haki ya boksi moja lake. Hata likishuka bei, amesoma, ameangalia, amemwonyesha Neema.

Mtaniuliza basi, kiki ya filamu inahalalisha hizo bei au haihalalishi? Kwa maoni yangu haihalalishi. Muuzaji si mwizi, bei imeandikwa wazi na hakuna aliyeshikiwa panga. Lakini unachonunua hapo si kitabu. Unanunua matumaini kwamba kuna mtu atakuja baada yako akiwa na hamu kuliko wewe. Siku filamu inatoka, walionunua kwa tetesi wote wanageuka kuwa wauzaji kwa pamoja. Waswahili tunaujua mlango huo, kuingia mnaingia mmoja mmoja, kutoka mnataka kutoka wote.

Sasa niwape kidogo cha kwangu, maana Baba Neema alijaribu kunihonga.

Alinitumia picha ya kitabu kinaitwa Night Nurse. Muuguzi wa usiku! Kumbe kilikuwepo kweli. Marvel walikitoa Novemba 1972, kimeandikwa na mwanamke, Jean Thomas, kimechorwa na Win Mortimer. Hakuna anayeruka angani. Ni manesi watatu, Linda Carter, Georgia Jenkins na Christine Palmer, wanaishi nyumba moja New York na wanafanya kazi hospitali moja. Kiliuzwa senti 20. Hakikununuliwa vya kutosha, kikatoka mara nne tu, kikasimamishwa mwaka 1973. Mnaona? Miaka 50 iliyopita na sisi hatukuuzika.

Halafu mwaka 2015 ikaja tamthilia ya Daredevil, ndani yake Rosario Dawson ni nesi anayewashona mashujaa vidonda usiku nyumbani kwake, bila glavu za kutosha, mimi nilikuwa natazama kwa hasira. Wakusanyaji wakakimbilia Night Nurse namba 1. Lakini nesi yule kwenye tamthilia anaitwa Claire Temple, si yeyote kati ya wale watatu! Wamenunua kitabu cha manesi wengine kabisa. Na Christine Palmer mwenyewe alipopata filamu, Doctor Strange ya mwaka 2016, wakamfanya daktari. Amepandishwa cheo bila kurudi chuo. Sisi wenye stashahada tunaotafuta nafasi ya kujiendeleza tumeumia sana.

Ila kilichonifurahisha ni kwamba mwaka huohuo wa 2015 Marvel walizichapa upya zile hadithi zote nne kwenye kitabu kimoja. Manesi ni walewale, maneno ni yaleyale, kwa bei ya kawaida ya dukani. Anayetaka hadithi anaipata. Anayelipa mamia ya dola anataka karatasi ya 1972. Wala si dhambi, lakini ajue analipia nini.

Mwisho wa kisa cha Ohio ni huu. Sikumsemea mdogo wangu kwa wifi, na wifi naye sikumchongea. Nilimwambia Baba Neema amwonyeshe mke wake hesabu zote mbili, yake na yangu, wakae mezani wenyewe, simu zikiwa chini. Ndoa yao si wodi yangu. Wakakaa. Wifi akauliza swali moja tu: "Mtoto akija Februari badala ya Machi, kitabu tunakiuza kwa nani?" Akaunti haikuguswa.

Mtoto alikuja wiki tatu kabla ya tarehe, kwa upasuaji, wa kiume, kilo 2.7, mzima anapiga kelele. Bili ya kwanza ilipofika, akaunti ilibaki na dola 40 na ushee.

Kile kitabu nacho kilinunuliwa na mtu mwingine, na nakala ya hali kama ile sasa inauzwa 2,700. Ndiyo, imepanda. Mdogo wangu ananikumbusha kila Jumapili, na mimi kila Jumapili namwambia aniwekee mtoto kwenye simu nimuone. Mwezi uliopita alimpa mjomba aliyekuja likizo aniletee ile Night Nurse iliyochapwa upya. Nimeiacha chumba cha manesi, imeshapata doa la chai kwenye jalada na kona mbili zimekunjwa. Linda Carter anapendwa, ila wenzangu wote wanasema Georgia ndiye anayejua kazi.

Naingia zamu, dada zangu. Alhamisi tunarudi kwenye mambo yetu: mtoto anayekataa titi upande mmoja.